Siku Sauti ya Mama Furaha Ilipopigiwa Makofi

Hii habari nimeikalia kwa muda, na si kwa sababu ni ndefu, ni kwa sababu kila nikianza kuisimulia uso unaniwaka moto, na wachache walioijua tayari waliisikia kwa midomo ya watu wengine, ikiwa imetiwa chumvi pale isipohitajika. Basi leo acheni niwaeleze mwenyewe, mnicheke mkitaka, ila msimcheke yule mwingine mtakayemsikia humu ndani (jina nimembadilishia), kwa maana yeye hakukosea kitu chochote isipokuwa kuniamini mimi.

Mimi ni nesi, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Arlington, Texas, katikati ya Dallas na Fort Worth, na naishi Cedar Hill na mume wangu Kyalo, ambaye anafanya kazi usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana nyumba yetu ni kimya kama msiba, pazia zimeshushwa, mtu amelala. Huo ukimya mtauelewa baadaye kwa nini nautaja. Sasa mwaka ule wa barafu mbaya niliteleza pale pale mlangoni kwangu nikavunja kifundo cha mguu, nikakaa nyumbani wiki nyingi mguu ukiwa juu ya mto, na mtu aliyezoea kukimbia kutoka chumba hadi chumba akikalishwa hivyo anaweza kuwehuka, ndipo nikaanza kuangalia masomo ya bure ya kutengeneza michezo ya video kwenye kompyuta. Nilianza kwa mzaha. Nikajikuta nimenasa.

Mchezo wangu niliuita Chapati Moto. Wewe ni mama mwenye kibanda karibu na stendi ya Machakos, foleni ya wateja iko mbele yako, unakanda, unasukuma, unageuza, na ukizubaa chapati inaungua na wateja wanaanza kukusema. Ni hayo tu. Lakini nilichora mwenyewe kile kibanda, na lile karai, na yule paka wa jirani anayepita akinusa, na siku ya kwanza moshi ulipopanda kwenye skrini nililia, kama mnavyonijua.

Sasa huku Dallas kuna watu wanaotengeneza michezo wenyewe majumbani, bila kampuni, bila bosi. Wanakutana kila baada ya muda, wana ukurasa wao wa kutangaza shughuli zinazokuja, leo mafunzo ya kuchora, kesho mkutano wa kujaribiana kazi, na mara moja moja wanakodi ukumbi, kila mtu analeta mchezo wake, watu wa nje wanaingia kucheza, na michezo michache inapandishwa jukwaani kwenye skrini kubwa. Kiongozi wao ni bwana mmoja anaitwa Trevor, ana ndevu nyingi na moyo mwema, na aliponiandikia kwamba Chapati Moto itapanda jukwaani Jumamosi ile, alisema kitu kimoja tu kilikosekana. Alisema wateja wangu wanazungumza kwa maandishi, na yeye angependa kusikia sauti za watu wa kwetu.

Hapo ndipo anapoingia Mama Furaha.

Mama Furaha ni Mkongomani, alikuja Fort Worth na mumewe na watoto kutoka kambi ya wakimbizi, na tunafanya kazi pamoja, mimi natoa dawa na yeye anawaogesha na kuwalisha wazee, na wale wazee wanampenda kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Kanisani (tunasali pamoja, Wakenya na Wakongomani, Kiswahili kikitushikanisha kila mmoja na chake) yeye ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya. Anasimama mbele, kitabu mkononi, anafumba macho, na ile sauti inatoka. Ni sauti inayokufanya ukumbuke watu uliowazika. Akizungumza nayo ni vile vile, inakwenda juu, inashuka, inacheka katikati. Na yeye huwa haniandikii ujumbe wa maneno hata siku moja. Ananitumia sauti, ndefu, akipika, akiwa kwenye basi, akisubiri watoto, na kwa muda mrefu nilidhani ni uvivu wa vidole tu, mpaka aliponiambia sababu. Nitafika hapo.

Nilipomwambia nataka sauti yake iwe ndani ya mchezo, alishika kifua. Akaniuliza mara mbili kama kweli Wazungu wa Dallas watamsikia. Nikamwambia watamsikia, tena kwa spika kubwa. Jioni hiyo hiyo akaanza kunitumia vilio vya wateja wenye njaa, na mimi nikawa navisikiliza nikiwa nimejishika mbavu.

«We mama, chapati yangu iko wapi? Minasimama hapa mpaka miguu inaota mizizi!»

Na mwingine, na mwingine. Alikuwa hodari kuliko mwigizaji wa kulipwa. Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao hata ukiuangalia kwa makini huwezi kuuona kama ni dhambi. Trevor alitaka mchezo umfikie siku moja kabla ya onyesho, mimi nimetoka zamu nimechoka, na nilipozihamisha zile sauti kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, simu haikuhamisha za wiki ile peke yake, ilihamisha zote tangu tujuane, kila moja ikiwa na jina la tarakimu tupu zisizokuambia kitu. Nikasikiliza za mwanzo chache, zilikuwa vilio vya chapati, nzuri sana. Nikajiambia nyingine nitazichambua baadaye. Nikalivuta lile fungu lote, nikalitumbukiza ndani ya mchezo, na mchezo nilikuwa nimeuagiza kwamba mteja akikasirika uchague sauti yoyote, bila mpangilio.

Ningeujaribu vizuri ningegundua. Lakini kama nilivyowaambia, Kyalo analala mchana, na mimi kwa mapenzi ya ndoa hujaribu mchezo wangu sauti ikiwa imezimwa. Niliucheza jioni ile mara kadhaa, wateja wakifungua na kufunga midomo kama samaki, nikaona kila kitu kinafanya kazi. Nikautuma.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama kanisani wakati wa matangazo, mimi mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, nikaomba watu waje Dallas kuniunga mkono. Nikawaambia watamsikia Mama Furaha wetu. Kanisa likapiga makofi, yeye akaficha uso kwenye leso. Basi Jumamosi Baba Furaha, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu asiye na maneno mengi, akaendesha basi dogo la kanisa na kuleta kwaya nzima ya kina mama, na wakaja wamevaa sare zao za kitenge cha kijani na manjano. Mama Furaha alikuja na mimi mapema kwenye gari langu, kunisaidia kubeba vitu. Njia nzima alikuwa akirudia vilio vyake vya chapati taratibu, kama mtu anayefanya mazoezi, ilhali hakukuwa na cha kufanya zaidi ya kukaa na kujisikiliza.

Ukumbi ulijaa. Vijana wenye fulana za katuni, wazazi na watoto, watu waliokuja kwa ajili ya kahawa tu. Nilipoitwa jukwaani nilijieleza, nikaeleza chapati ni nini, nikaeleza Machakos iko wapi. Trevor akaomba mtu wa kucheza, akapanda mwanamke mmoja mwenye nywele za kijani, mchangamfu, ambaye kwa bahati mbaya yangu hakujua kabisa kusukuma chapati. Alikuwa akizungusha kidhibiti cha mchezo huku na huku, kwenye skrini unga unaruka, karai linatoa moshi. Na wateja wakaanza.

Kilio cha kwanza kilipotoka kwenye zile spika ukumbi ulicheka, hawakuelewa neno lakini hasira ya mteja mwenye njaa haihitaji mkalimani. Cha pili wakacheka zaidi. Kina mama wa kwaya walikuwa wanapigana mabega, wakimwonyesha Mama Furaha kwa vidole, naye amekaa katikati yao amenyoosha mgongo, amekunja mikono, anatabasamu kama bibi harusi. Baba Furaha alikuwa amesimama nyuma kabisa, simu imeinuliwa juu, anarekodi. Nakumbuka niliwaza kwamba hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu nifike Texas.

Halafu ikasikika pumzi. Ilikuwa pumzi tu, ya mtu aliyeweka simu karibu na mdomo. Nikaijua kabla hajasema neno, mwili wangu wote ukaijua.

«Mueni, dada yangu, niko mu choo ya kazi, njo maana minasema pole pole. Ule wimbo mupya, unisomeye tena maneno yake, ile sehemu ya pili sijaishika.»

Watu walikuwa bado wanacheka. Nikaruka kwenye kompyuta nikabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo. Mchezo ukasimama, moshi ukaganda hewani, muziki ukanyamaza, mafuta yakaacha kuchemka, lakini ile sauti, kwa sababu ya mimi fundi uchwara ambaye sikuunganisha sauti za wateja na kile kitufe, haikusimama. Ikabaki peke yake. Sasa ikasikika vizuri zaidi, kila silabi.

«Unajua mi sijue kusoma. Bamama ba kwaya banaona minashika kitabu, banafikiri minasoma.»

Nikachomoa waya. Nilichomoa waya niliouona karibu, na ukawa waya wa skrini. Ukumbi ukaingia giza la nusu, skrini nyeusi, watu mia wamenyamaza sasa kwa mshangao, na ndani ya giza lile sauti ya rafiki yangu inaendelea kunong'ona kutoka pande zote mbili.

«Hata Baba Furaha hajue, anafikiri ni macho inaniuma. Vita ilitukuta niko darasa la kwanza, kisha hapo ni kukimbia tu. Usiambie mutu, dada. Mutu hata mumoja.»

Ndipo ikaisha yenyewe. Mimi nilikuwa bado nimeinama chini ya meza nimeshika waya ambao haukuwa na kosa.

Nilipoinuka niliwatazama kina mama wa kwaya kwanza, sijui kwa nini, pengine kwa sababu sikuthubutu kumtazama yeye. Hawakuwa wakicheka. Mama Esta, anayeimba naye sauti ya kwanza, alikuwa anatazama sakafu. Baba Furaha nyuma kule alikuwa ameishusha simu, imening'inia mkononi ubavuni. Na Mama Furaha alikuwa vile vile, mgongo umenyooka, mikono imekunjwa, ila lile tabasamu lilikuwa limebaki usoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Na hapo, jamani, ukumbi ukapiga makofi.

Walisimama. Wale Wazungu, na Wamarekani weusi, na Wameksiko, na Wahindi, watu wazuri wote waliokuja kufurahi Jumamosi yao, walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, kwa sababu walidhani ndivyo nilivyopanga. Walidhani ni kazi ya sanaa. Kwanza unacheka, halafu mchezo unasimama, halafu giza, halafu sauti ya mwanamke kwa lugha usiyoijua. Trevor alikuja na macho yamejaa machozi, akasema kwenye maikrofoni kwamba hajawahi kuona mchezo mdogo ukifanya jambo kubwa namna ile, na kwamba wao wenye kuandaa wangependa Chapati Moto uwakilishe Dallas kwenye onyesho linalokuja Houston, ambako watakutana watengenezaji wa miji yote miwili. Akaniwekea maikrofoni mdomoni.

Nataka niwaeleze kwamba nilichanganyikiwa, na ni kweli nilichanganyikiwa, lakini hata mtu aliyechanganyikiwa ana ulimi, na ulimi wangu ulikuwa na uwezo wa kusema kwamba hili ni kosa, naomba mnisamehe, naomba mtulie. Maneno matano yangetosha.

Nilisema asante.

Nikatabasamu pia. (Kuna picha. Nimeiona. Natamani nisingeiona.)

Tulipotoka nje kwenye maegesho nilimkuta amesimama kando ya gari langu, mbali kidogo na basi la kanisa. Ndani ya basi kulikuwa na kina mama wote, na mumewe kwenye usukani, kwangu kulikuwa na mimi peke yangu, na kati ya aibu hizo mbili alichagua yangu. Nilimfungulia mlango wa mbele, akaufungua wa nyuma. Basi nikamwendesha hivyo kama dereva wa teksi, kutoka Dallas hadi Fort Worth, msongamano wa magari wa Jumamosi, jua linatuchoma machoni, na mimi nasema na kusema. Nilimweleza mambo ya mafungu ya sauti, na tarakimu, na Kyalo kulala mchana, na kitufe, na waya. Nilieleza vizuri sana. Ungenisikia ungeniachilia huru.

Tulipoingia mtaa wao nilikuwa bado naeleza. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yao ya ghorofa, akabaki amekaa, ameshika mlango.

«Ile mashini naweza kuisamehe,» alisema. «Mashini haina akili, inasema chenye iko ndani yake. Lakini wewe, Mueni, walikupatia maikro, ukasema asante.»

Akashuka.

Mnadhani iliishia hapo. Siku iliyofuata binamu yangu Mutua, anayekaa Sugar Land kule upande wa Houston, alinipigia simu akiwa anacheka hadi anakohoa. Kumbe wale waandaaji walikuwa wameweka kipande cha video kwenye ukurasa wao, na kwa kuwa hawakujua kilichosemwa hawakuona ubaya, lakini Waswahili wa Houston walielewa kila neno. Kilikuwa kimeshazunguka kwenye vikundi vya Wakenya kule, mtu amekiongezea muziki, na watu walikuwa wanaigiza kile Kiswahili cha Kongo, «mu choo ya kazi, mu choo ya kazi», wakitumiana. Mutua hakujua ni mchezo wangu, kwani kipande kilianzia baada ya jina langu. Alinipigia kuniuliza kama na mimi nimekipata. Nilimwambia ni rafiki yangu. Akasema pole, akakata.

Na niseme ukweli wangu wote kwa kuwa nimeshaanza. Kilichonichoma zaidi si kwamba walikuwa wanacheka. Ni kwamba na mimi, nilipoomba sauti yake, sehemu ya nilichokitaka ilikuwa kile kile. Ningeweza kumwomba Mkamba mwenzangu yeyote, stendi ni ya Machakos. Nilimtaka yeye kwa sababu Kiswahili chake kinachekesha masikioni mwetu, na nilijua kitachekesha. Hilo sikuwahi kumwambia, na sijui kama alihitaji kuambiwa.

Nilimwandikia Trevor, naye alikiondoa kile kipande saa hiyo hiyo na kuomba radhi kuliko hata nilivyostahili kuombwa, lakini kitu kikishaingia kwenye simu za watu ni kama unga uliomwagika kwenye upepo. Nikaenda Fort Worth. Baba Furaha ndiye aliyefungua mlango. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza, alitoka nje akaufunga mlango nyuma yake, tukasimama kwenye ngazi. Nilimwomba msamaha. Alisikiliza kama anavyosikiliza kila mtu, kichwa kimeinama upande, akaniambia mkewe yuko ndani lakini kwa sasa hataki kuniona, na mimi nisichoke kumwombea. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Badala yake alisema jambo ambalo hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akijiambia mwenyewe.

«Miaka yote hii nilifikiri ni macho. Nilimpeleka kupimwa. Nilimnunulia miwani.»

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia, akarudi ndani.

Kazini Mama Furaha alibadilisha zamu. Kanisani Jumapili kadhaa hakuonekana kabisa, na Mama Esta akawa anaanzisha nyimbo badala yake, vizuri, kwa juhudi, na kila mtu alikuwa anajua kuna nini. Hakuna aliyenigombeza hata mmoja. Walikuwa wakinisalimia na kuniuliza habari za mguu, mguu ambao ulishapona zamani.

Wakati wa onyesho la Houston ulipokaribia, Kyalo aliniambia niwaandikie tu kwamba siendi, basi, yaishe. Na ndiyo njia ambayo mtu mwenye akili angeifuata. Lakini mimi nilikuwa nimesema asante kwa maikrofoni, mbele ya watu, na niliona kwamba nikiifuta kwa ujumbe mfupi nikiwa nimelala kitandani kwangu, itakuwa sijaifuta. Basi nikaendesha gari hadi Houston peke yangu, nikalala kwa Mutua, ambaye alinipikia na hakufanya mzaha wowote jioni nzima, na kesho yake nikaenda kwenye ukumbi wao.

Nilipoitwa nilipanda bila kompyuta. Niliwaambia kwamba mchezo wangu leo hautachezwa. Nikawaambia kile walichokipenda wenzao wa Dallas hakikuwa sanaa, yalikuwa mazungumzo ya siri ya mtu aliye hai, yaliyoingia kwa uzembe wangu, na kwamba mwenye sauti alikuwa amekaa ukumbini wakati wakimpigia makofi, na kwamba nilijua, nikapokea makofi yale. Kiingereza changu kilikuwa kinakwama. Watu ukumbini hawakujua waangalie wapi. Mwanamke mmoja wa mbele akainua mkono kwa upole, nadhani alitaka kunisaidia, akauliza ile sauti ilikuwa inasema nini hasa.

Nilimjibu, «Hilo siwezi kukuambia.»

Nikashuka. Hakuna aliyepiga makofi, na niliwashukuru kwa hilo. (Nyinyi nimewaambia maneno yake kwa sababu wenye Kiswahili mlikwisha kuyasikia, na kwa sababu yeye mwenyewe, nilipomwomba ruhusa kupitia kwa Mama Esta, alijibu kwamba nieleze yote nisiache kitu, kuliko watu wabaki na nusu.) Njiani kurudi nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikamtumia Mama Furaha ujumbe wa sauti kumwambia nilichokifanya. Baada ya muda nikaona ameusikiliza. Hakujibu, na hadi leo hajajibu, na sidhani kama ilikuwa lazima ajibu.

Amerudi kwenye kwaya. Alirudi Jumapili moja bila tangazo, akasimama mahali pake pa mbele, mikono mitupu, akafumba macho akaanza, na kina mama wakamfuata kama vile hakuwahi kuondoka. Kazini amerudi kwenye zamu yetu pia. Tunawageuza wazee pamoja, mimi upande huu yeye upande ule, tunahesabu moja mbili tatu, ananiuliza kama nimekula. Anajibu ninapomsalimia. Lakini simu yangu imenyamaza. Zile sauti ndefu za sufuria na watoto na basi, za kucheka katikati, hazijanijia tena.

Chapati Moto bado uko, nimeurekebisha, na wateja wangu wamerudi kuzungumza kwa maandishi. Nimeapa kwamba sitaweka sauti ya mtu mahali popote ambapo sijaisikiliza mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na kwamba siku nitakayopewa sifa za kitu kilichomwumiza mwingine, nitafungua mdomo kwanza nimtaje huyo mwingine. Ni ahadi ndogo, na imechelewa.

Siku hizi nikifika kanisani mapema huwa nawaona, yeye na Baba Furaha, wamekaa ndani ya gari kwenye maegesho, vioo vimepandishwa. Mumewe ameshika karatasi ya nyimbo, anamsomea mstari, anafuata kwa kidole, na yeye anaurudia, midomo inacheza, wakati mwingine wanacheka wote wawili. Mimi napita kando taratibu, na sipungi mkono, nisije nikawakatiza.